Breki Usizifungue

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkaza mjomba, na vyerehani vyenu vyote mnavyovitengeneza. Sisi huku hatujambo. Mama amestaafu maktaba mwezi uliopita na sisi tunaoshinda naye nyumbani ndio tunaoumia. Wiki ya kwanza amepanga masufuria kwa ukubwa, wiki ya pili taulo kwa rangi, na sasa anakitupia jicho chumba changu. Mguu wake wa kushoto unalalamika asubuhi za baridi, ikifika saa tano unanyamaza. Mimi bado na lifti zangu. Juzi nilikaa saa nne ndani ya shimo la lifti huku meneja wa jengo akiniita kila dakika kumi, "Fundi, umefika wapi?" Nikamjibu, "Nimefika chini, mzee, hakuna kwingine."

Sasa lililonikalisha kitini. Kwenye simu, nikitaja gari tu, mtandao wako unaharibika ghafla. Kwa hiyo naandika.

Nimelifunua gari lako. Turubai lilikuwa limegandamana na boneti, nimelibandua kwa maji ya moto. Rangi nyekundu imekuwa ya tofali, panya wamezaa kwenye kiti cha abiria vizazi na vizazi, na tairi zote nne zimelala. Lakini mlango wa dereva umefunguka kwa kidole kimoja, Mjomba! Miaka kumi na tisa, na bawaba haijatoa hata mlio. Nikasema hili gari halijafa, limenuna tu.

Ufunguo nimepewa na Mama mwenyewe. Aliuweka kando ya kikombe changu akaendelea kukunja nguo. Wewe unajua alivyokuwa akikataa lisiguswe wala lisiuzwe, kwa hiyo nimeuchukua kabla hajabadili mawazo.

Nimemimina mafuta kwenye matundu ya plagi, nikasubiri siku nane, nikaweka spana kwenye puli na kuvuta. Injini imezunguka. Mpango wangu ni huu: rejeta mpya ya alumini, cheche za kielektroniki badala ya zile platini zako za kusugua kwa msasa, mikanda ya viti, na breki za diski magurudumu ya mbele. Bodi nitainyoosha mwenyewe, hata lile bawa la kushoto lililokunjamana kwenye ukuta wa shule.

Ndiyo, nimeutaja ukuta. Kila mtu hapa anajua ulikuwa unakimbiza, gari likakuponyoka, Mama akavunjika mguu, na baada ya miezi miwili ukahama. Hakuna aliyekufukuza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na hadi leo sijaelewa kwa nini hujawahi kurudi hata kwa siku moja. Nakuambia mapema nia yangu, usije ukasema nimekuzunguka: nataka gari likipona urudi uliendeshe, na uingie na kwa dada yako.

Niambie zile kabureta mbili unazilinganishaje.

Mpwa wako,
Bisibisi


2 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Tumepokea salamu na tumezigawana. Mkaza mjomba wako anasema umekuwa na maneno mengi kuliko mwaka jana, nami nikamwambia huyo amezaliwa nayo. Huku kazi ipo. Watu wananunua vyerehani vya plastiki, vinakufa, wanarudi kuniletea vile vya bibi zao vya chuma. Sina malalamiko.

Kwa hiyo umelifunua. Haya. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Kabureta: tafuta mpira mwembamba urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, injini ikinguruma polepole. Utasikia mvumo. Hamia ya pili. Kama mvumo ni mkubwa zaidi, punguza skrubu yake robo mzunguko, rudi ya kwanza, sikiliza tena. Ukifika mahali ambapo sikio haliwezi kukuambia uko kwenye ipi, acha hapo, usiguse tena hata ukitaniwa. Vijana wana vipimo vya kielektroniki siku hizi. Sikio langu halijawahi kuhitaji betri.

Rejeta ya alumini, sawa. Cheche za kielektroniki ni uvivu, lakini sawa. Mikanda ya viti weka, weka mizuri.

Breki usizifungue. Nilizifunga kwa mikono yangu na ziko vizuri. Diski kwenye gari lile ni kumvisha mzee kaptura. Ziache.

Kurudi ni maneno marefu. Mwambie mama yako asiuache mguu upigwe na baridi.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mguu haujambo, chumba changu ndicho chenye hali mbaya: ameingia. Sijui soksi zangu ziko wapi, lakini nasikia ziko mbili mbili.

LIMEWAKA! Andika tarehe ukutani. Jumapili saa nne asubuhi limekohoa mara tatu, likatoa moshi kama jiko la kuni mbichi, kisha likashika. Nimepiga kelele hadi mwalimu mkuu mstaafu wa nyumba ya pili akaja kulalamika. Alipoliona akaomba kigoda. Amekaa saa nzima, ananiambia zamani ulipokuwa ukipita nalo alikuwa anafunga madirisha ya darasa ili watoto wasichungulie, halafu anachungulia yeye.

Mpira wa sikioni umefanya kazi kama ulivyosema. Nimefika mahali sikujua niko kabureta ipi, nikaacha.

Mama alileta chai hadi mlangoni mwa gereji. Hakuvuka. Alisikiliza injini kidogo, akaweka sinia chini, akaondoka. Nilimwona ameshika fremu ya mlango kwa nguvu.

Sasa breki. Mjomba, mimi nalipwa kwa kusimamisha vitu. Lifti kupanda si kazi, hata mota mbovu inapandisha. Kazi ni isimame pale ulipoiambia, na watu wanane ndani. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha nisiamini chuma nisichokifungua. Halafu unaniambia nipeleke barabarani gari lenye breki za miaka kumi na tisa bila kutazama? Hayo si maneno yako. Kama kuna jambo, liseme.

Usiposema nitazifungua.

Bisibisi


14 Aprili

Bisibisi,

Sisi wazima. Mvua imeanza. Ninakutumia kwenye kifurushi hiki vipimo vyangu vya kupimia mwanya wa valvu, vitunze. Pima injini ikiwa baridi.

Kuhusu breki nimeshasema.

Mjomba wako


4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Vipimo vimefika, ahsante, valvu nimezipima zote na sasa injini inaongea taratibu kama mtu aliyelala vizuri. Mama ni mzima. Huo ndio mwisho wa habari njema.

Nimezifungua breki.

Nilianza gurudumu la mbele kushoto. Ngoma, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ilitoka kwa nyundo. Ndani kuna zile breki shuu mbili, vyuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, na kila kimoja kina lainingi yake ya kusugua ngoma. Nikaona zote mbili zina lainingi ndefu. Nikasema labda gari hili ndivyo lilivyo. Nikaenda kulia. Zote mbili zina lainingi fupi.

Mjomba, wewe unajua na mimi najua. Kila gurudumu linataka moja fupi mbele na moja ndefu nyuma. Ukiweka ndefu zote kushoto na fupi zote kulia, unapokanyaga polepole huhisi kitu. Siku ukikanyaga kwa nguvu, kushoto kunashika kama koleo, kulia kunabembeleza, na gari linaruka kushoto hata usukani uushike kwa meno. Ukuta wa shule uko kushoto.

Hukuwa unakimbiza.

Nimekukasirikia siku tatu na bado sijamaliza. Kwanza kwa mguu wa Mama. Pili kwa sababu umetudanganya watu wote, mimi nikiwamo, kwa miaka kumi na tisa. Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu sikuamini. Mwanafunzi wa wiki ya pili hafanyi kosa hili. Wewe ulikuwa unafunga breki huku umefumba macho, ukitutambia! Ulifanyaje?

Sijamwambia mtu. Zile shuu nimezifungia kwenye boksi. Nijibu, na usiniletee habari za mvua.

Bisibisi


20 Juni

Mpwa wangu,

Nimeanza barua hii mara tano. Mkaza mjomba wako amechoka kuokota karatasi, ameniambia ama niandike au nirudi kwenye vyerehani.

Umeuliza nilifanyaje. Unakumbuka nilivyokuwa nikifanya kazi. Natandika shuka jeupe sakafuni, kila ninachokitoa nakilaza juu yake kama kilivyokaa kwenye gari: cha kushoto kushoto, cha kulia kulia, cha mbele mbele. Wakati wa kufunga sitazami. Napeleka mkono kwenye shuka, nachukua, nafunga. Nilijisifu sana kwa hilo, unavyosema nilitamba, na ni kweli. Fundi mwenye shuka hahitaji macho, ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Jumamosi ile nilikuwa nimebandika lainingi mpya na kuzilaza shuu zote nne za magurudumu ya mbele mahali pake. Jirani akaniita nimsaidie kusukuma gari lake. Nilikaa huko kama nusu saa. Niliporudi shuka lilikuwa safi. Limekung'utwa, limenyooshwa, vitu vimepangwa. Nilifurahi, nikapiga magoti, nikafumba macho yangu ya kijinga, nikafunga. Kesho yake nikampakia dada yangu nimwonyeshe gari lilivyopona, akajitokeza mwendesha baiskeli pale kwenye kona, nikakanyaga.

Wiki moja baadaye, gari lilipovutwa hadi nyumbani, nilizifungua peke yangu. Nikaona ulichokiona. Nikazifunga tena vilevile, nikatoka nje nikawaambia watu nilikuwa nakimbiza.

Usiniulize nani aligusa shuka. Sitasema, na ukiniuliza ana kwa ana nitakataa. Kosa ni la anayefunga. Mimi ndiye niliyefunga bila kutazama.

Ila wewe si mjinga, kwa hiyo nakuambia na hili. Baada ya ajali kila jioni alikuwa ananiletea chakula gereji, anachechemea, na sinia halimwagiki. Kila nilipomwona ulimi uliniwasha. Mimi nikikaa karibu na mtu siwezi kuficha kitu, mama yako anaweza kunisoma kutoka chumba cha pili. Nikaona nikibaki hapo, siku moja nitasema, au atalisoma usoni, na ataishi na mguu ule akijua. Bora anione mimi ndiye mwendawazimu wa mwendo. Ndiyo sababu niliondoka na ndiyo sababu sirudi. Si kiburi.

Funga diski zako. Umefanya vizuri, ningefunga mwenyewe. Zile shuu zitupe mbali, asizione. Hilo tu ndilo ninalokuomba tangu uzaliwe.

Mjomba wako


15 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimekusamehe hasira moja, ile ya tatu. Nyingine mbili bado nazitafakari. Nasema ukweli, nimelia juu ya boneti na ikabidi niipige polishi upya.

Ya gari kwanza, kwa sababu ya pili ni nzito. Diski zimefungwa. Rejeta inapoza, cheche hazikosi hata moja, viti nimevishonea ngozi ya kahawia, panya wamehamishwa kwa heshima. Bawa la kushoto limenyooka, ukipitisha kiganja hujui liliwahi kugongwa. Rangi ni nyekundu ileile.

Sasa, shuu nilikusudia kuzitupa. Wallahi nilikusudia. Jumanne niliziweka juu ya meza ya gereji nizifunge kwenye gunia, nikakumbuka mafuta ya breki yamekwisha, nikatoka kwenda kununua. Niliporudi, Mama alikuwa ndani. Ndani, Mjomba, hakuwa mlangoni. Amesimama mbele ya meza, na shuu nne amezilaza juu ya kitambaa: fupi na ndefu, fupi na ndefu.

Akasema bila kugeuka, "Hivi ndivyo zilivyokuwa kwenye shuka lake."

Nikaiweka chini chupa ya mafuta ya breki.

Akasema, "Mimi niliona mbili zinafanana na mbili zinafanana, nikadhani amechanganya. Nikampangia."

Mama yangu, anayepanga soksi! Nikamuuliza amejua lini. Akaniambia ni miaka kumi na saba sasa. Kulikuja maktaba boksi la vitabu vya msaada, kimoja cha ufundi wa magari. Alikifungua ajue kikae rafu gani, kikafunguka kwenye picha ya breki. Anasema alikaa chini pale pale kati ya rafu, msomaji mmoja akamletea maji.

Nikamwambia, "Mbona hukumwambia Mjomba?" Sikiliza jibu lake, nimeliandika siku ileile nisilipotoshe: "Ningemwambia nini? Alishajua. Aliondoka bila kuniaga vizuri, hakurudi, hata harusi za watoto hakuja. Nikaelewa kwamba alifungua akaona, na ameshindwa kunisamehe. Mtu akishindwa kukusamehe humfuati na barua."

Mjomba, kwa miaka kumi na saba dada yako amekuwa akidhani unamchukia.

Nimevunja neno lako, nikampa barua yako ya Juni akaisoma. Sikuomba ruhusa na siombi radhi. Aliisoma mara mbili, akaikunja mara nne, akakasirika kuliko nilivyowahi kumwona. "Nani alimtuma anibebee? Mimi ni mtoto? Nilikuwa nambeba yeye mgongoni, leo ananibebea kosa langu?" Halafu akaenda jikoni, akapanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Nilimsikia analia huko.

Nilimwambia akuandikie. Amekataa, anasema hawezi kupanga maneno hayo. Ameniagiza sentensi moja tu: "Mwambie nilifanya mimi, na arudi nyumbani."

Bisibisi


28 Julai

Mpwa wangu,

Barua yako niliisomea posta, nimesimama, watu wanapita. Karani akatoka kwenye dirisha lake kuniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufuliwa, akanitazama kama mlevi.

Nimchukie? Dada yangu? Mimi? Sijui nianzie wapi. Mkaza mjomba wako ameisoma naye akasema, "Wajinga wawili wa tumbo moja." Nilidhani namfunika kumbe namwacha uchi kwenye baridi. Nilijua kusoma injini kwa mpira sikioni na sikumsikia dada yangu.

Nitakuja. Nimesema. Lakini nipe muda, Bisibisi. Vyerehani vya watu vimejaa hapa, na mimi sijui nitamtazamaje. Nitakuja Desemba, kazi ikipungua. Mwambie hivyo. Mwambie pia kwamba aliyefunga ni mimi, na kwa hilo sitashindwa na yeye.

Mjomba wako


9 Agosti

Mjomba,

Shikamoo wewe na mkaza mjomba. Barua hii ni fupi kwa sababu tunafunga mizigo, na naituma kwa basi la leo ikuwahi.

Nilimsomea Mama barua yako. Nilipofika kwenye Desemba alinyoosha mkono, akaichukua, akatazama kalenda ya ukutani, akasema, "Desemba ni ya nani?" Kisha akaenda kuchukua kitambaa chake cha kichwa.

Mwanzoni nilidhani ananiaga. Kumbe amesimama kando ya mlango wa abiria anasubiri afunguliwe. Nikamfunga mkanda mwenyewe, nikauvuta mara tatu kuhakikisha umeshika, mimi niliyening'inia kwenye kamba za lifti ghorofa ya kumi na mbili! Tulikwenda kwenye ule mteremko nyuma ya kiwanda, barabara pana, hakuna mtu. Nikamwambia, "Mama, nitakanyaga kwa nguvu." Akasema, "Kanyaga." Nikaachia usukani, nikakanyaga. Mjomba, limesimama limenyooka kama mstari wa rula. Mikono yangu iko hewani, Mama kashika goti lake. Nikadhani nimemwua.

Akasema, "Tena."

Tumefanya mara sita. Ya saba akanihamisha kiti. Unajua aliwahi kuendesha gari la vitabu la maktaba, na leseni yake anaihuisha kila inapoisha, sikujua hata kwa nini. Klachi nimemlainishia kwa ajili ya mguu wa kushoto. Wa kulia, anasema, haujawahi kumsumbua mtu.

Basi acha kazi za vyerehani Jumamosi. Tunaondoka Ijumaa alfajiri, tutalala njiani kwa rafiki yake wa maktaba, na tutakuwa kwenu Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Mimi nitaendesha hadi mtaani kwenu. Kuanzia kona ya mwisho ataendesha yeye, hilo halina mjadala, nimejaribu.

Ana ombi moja. Anataka akikata kona akuone umesimama mbele ya geti, katikati ya njia, na usisogee. Breki atakanyaga yeye.

Bisibisi